Boksi Ndani ya Boksi

Mama Fundi aliwasha kompyuta asubuhi ile akiwa ameubana uzi kwa meno, na uzi ukamdondoka wenyewe. Michoro ya kutarizi haikuwepo. Si mmoja, si miwili, yote. Nembo za shule, maua ya mashuka, majina ya wauguzi, na ule mchoro aliouhangaikia wiki nzima, nembo ya kampuni ya mabasi: gurudumu lenye mabawa. Mahali pake palikuwa na faili moja dogo, limeandikwa MZIGO WA MAMA FUNDI, USIGUSE.

"Baba watoto!" aliita. "Hebu njoo hapa!"

Mumewe alitokea jikoni na kikombe cha chai mkononi, uso umemjaa furaha ya mtu anayengoja kupongezwa. Alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha vyombo mpaka alipostaafu, na mtaa mzima ulimwita Bwana Stoo, jina ambalo hakulichukia hata kidogo.

"Umeona?" aliuliza. "Kompyuta imepumua."

"Imepumua nini? Michoro yangu iko wapi?"

"Imo humo. Nimeibana. Si ulikuwa unalalamika kila siku, mara kompyuta imejaa, mara inajikokota? Nikasema ngoja nimsaidie mke wangu. Nimeibana michoro, nikaitia kwenye boksi. Boksi nikalitia kwenye boksi. Hilo nalo nikalitia kwenye jingine, na jingine. Vitu vya thamani havifungwi mara moja, mama."

"Na ile ya nje?"

"Ya nje ipi?"

"Michoro yenyewe! Ya mwanzo!"

"Nimeifuta." Bwana Stoo alishangaa kuulizwa. "Mzigo ukishaingia kwenye boksi, utauachaje mwingine sakafuni? Stoo haiendeshwi hivyo."

Mama Fundi akanyamaza. Wanaomjua wanasema kelele zake zina nafuu; ukimwona amenyamaza, sogeza kiti chako mbali. Kabla ya adhuhuri angekuja Bi Ugavi, afisa mnunuzi wa kampuni ya mabasi, kuangalia ile nembo ikiwa imetariziwa kwenye shati. Ikimpendeza, mashati ya madereva na makondakta wote yangeletwa kwenye chumba hiki cha mbele cha nyumba. Isipompendeza, yangevuka barabara kwenda kwenye karakana ya jirani, yenye mashine nyingi na bango la taa zinazowaka hata mchana. Tangu Bwana Stoo astaafu, nyumba ile ilikula kwa sindano ya mashine moja, na siku hizo sindano yenyewe ilikuwa ikibadilisha zipu na kupunguza suruali. Shati moja la mfano, basi, ndilo lililobeba nyumba nzima.

"Kitinda!" Mama Fundi aliita tena, safari hii kuelekea vyumba vya ndani. "Kitindaaa!"

*

Kitinda, binti yao wa mwisho, alikuwa chumbani kwake ambako, kwa maelezo ya mama yake kwa majirani, "anafungua mafaili ya watu asiowajua, bure." Maelezo hayo yalitolewa kwa uchungu, lakini yalikuwa sahihi. Binti alikuwa ameandika maktaba ya programu. Si maktaba ya vitabu; ni mkusanyo wa maagizo ya kompyuta ambao waandishi wengine wa programu huuchukua na kuuchomeka kwenye kazi zao, wasilazimike kuanza kila kitu upya. Ya kwake ilikuwa na kazi moja: unaipa faili lililobanwa, la aina yoyote ile, nayo inalifungua na kukutolea vilivyomo vikiwa salama. Kwa kuwa alikulia miguuni pa cherehani, aliipa jina Fumua. Watu wa nchi ambazo hajawahi kufika waliitumia na kumwandikia. Wengi walishukuru, wachache walinung'unika, wa kulipa hakuonekana.

"Shukrani haziungi mboga," mama yake alizoea kusema.

Leo hakusema hivyo. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Wewe mtoto, leo ndiyo leo. Ya watu unafungua. Ya mama yako utashindwa?"

"Kufungua tu?" Kitinda akacheka. "Mama, hiyo ni kazi ya kufumba na kufumbua."

Akaketi mbele ya kompyuta ya chumba cha kazi, akaipa Fumua lile faili. Boksi la kwanza likafunguka. La pili likafunguka. La tatu. Kisha kioo kikaandika: SIENDELEI. KIFURUSHI HIKI KINATIA SHAKA.

Mama Fundi akainama asome vizuri. "Nani huyo anatutilia shaka?"

"Mimi," alisema Kitinda kwa sauti ndogo. "Nimeyaandika mimi hayo."

Ikabidi aeleze. Wahuni wa mtandaoni wana mchezo wao: hutengeneza kifurushi kidogo, kinaonekana hakina neno, lakini ndani kuna boksi ndani ya boksi, na ukikifungua chote kinavimba mpaka kinajaza kompyuta na kuiua. Kwa hiyo aliifundisha Fumua isizame zaidi ya maboksi matatu, na isifungue kitu kidogo kinachodai kuwa kikubwa kupita kiasi. Alijivunia sana ulinzi huo. Watu walimpongeza kwa ajili yake.

"Kwa hiyo programu yako inadhani baba yako ni mhuni," alisema Mama Fundi.

"Haidhani. Inatahadhari."

"Kwa leo naafikiana nayo."

Bwana Stoo alikohoa. "Mimi naweza kulifungua kwa ile programu niliyofungia. Dakika moja tu."

"Baba, tafadhali usiguse," Kitinda aliruka. "Hiyo haiulizi maswali. Itafungua mpaka kompyuta ijae izime, na mashine ya kutarizi inapokea amri kutoka humu humu. Tutakosa vyote."

Bwana Stoo akaurudisha mkono wake kwenye kikombe. Chai ilikuwa imeshapoa, lakini aliinywa hivyo hivyo ili awe na jambo la kufanya.

*

Bi Ugavi alifika mapema, kama wafanyavyo wageni siku ambayo hutaki wawahi. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye mkoba mkubwa na macho yasiyopitwa na kitu. Kitinda alimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi kwenye benchi la wateja chini ya suruali zilizoning'inia zikingoja zipu.

"Haya, fundi wangu. Nionyeshe gurudumu."

"Linakuja, dada. Vijana wanaliandaa," alisema Mama Fundi, ingawa kijana alikuwa mmoja na amekunja uso mbele ya kioo.

Kitinda alikuwa ameiruhusu Fumua ishuke zaidi, boksi moja baada ya jingine, kwa mkono wake mwenyewe. Mpaka chini kabisa. Huko akakuta vitu viwili tu vimerundikwa pamoja, vyenye vibandiko vya kistoo: BIDHAA A, nyingi. BIDHAA B, nyingi pia. Na kila BIDHAA B ilikuwa kitu kidogo kinachodai kwamba kikifunguliwa kitakuwa kikubwa mara mia kadhaa. Zote kwa pamoja zisingeenea kwenye kompyuta kumi.

"Baba," aliuliza bila kugeuka. "BIDHAA A ni nini?"

"Michoro ya mama yako. Yote, salama salimini."

"Na B?"

"B ni bidhaa."

"Bidhaa gani?"

"Bidhaa mchanganyiko."

Bi Ugavi alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

"Baba, nisikilize. Kama B umeipakua mtandaoni, hata A inaweza kuwa imeharibika. Siwezi kuitia A kwenye mashine ya Mama mpaka nijue B imetoka wapi."

"Haijatoka mbali."

"Baba watoto," alisema Mama Fundi, na sauti yake ilikuwa ya upole wa kutisha, "mimi nashona nguo, sitegui vitendawili. Sema."

Bwana Stoo alikitazama kikombe, akautazama mlango, akamtazama mgeni, ambaye sasa ameacha kujifanya na anasikiliza waziwazi. Aibu ilimpanda mpaka kwenye masikio.

"Ni sauti yangu," alisema.

Vidole vya Kitinda vikasimama juu ya vibonye.

"Najirekodi. Mama Fundi ukitoka kupeleka kazi za watu, nakaa hapo, nachomeka ile maiki ya Kitinda, najirekodi. Nikisikia viatu vyako nje, nachomoa waya, naificha chini ya vitambaa."

Kitinda aligeuka polepole. "Unachomoa waya. Halafu programu ya kurekodi unaizima?"

"Waya nimeshauchomoa, nizime nini tena?"

Kitinda akalaza kichwa mezani, mabega yakamtikisika. Mama yake alidhani analia, akamsogelea, kumbe mtoto kacheka mpaka hana pumzi. "Baba! Ukichomoa waya haijazima! Inaendelea! Inarekodi kimya! Mama anashona hapa mchana kutwa, na kompyuta inarekodi kimya mpaka jioni!"

"Ndiyo maana ilikuwa inajaa!" Mama Fundi akapiga kofi paja lake. "Loh! Na mimi namlaumu fundi wa kompyuta!"

"Jioni nikirudi nalikuta faili kubwa ajabu," Bwana Stoo aliendelea, kwani ukishalowa, kujikinga kwa nini. "Nikajaribu kulibana. Likawa punje! Nikafuta lile kubwa, nikabaki na punje. Kesho vile vile. Nikajiambia, kumbe kubana ni dawa. Kama sauti yangu mimi inabanika hivi, si nimwokoe na mke wangu?"

"Sauti yako haikubanika, Baba. Kilichobanika ni kimya. Kimya hakina kitu ndani, kinakunjika kikawa kama hakipo. Lakini ukikifungua, kinarudi na urefu wake wote."

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," alisema Bi Ugavi kutoka kwenye benchi, na wakacheka wote isipokuwa mmoja.

"Na unasema nini kwenye hizo sauti?" aliuliza Mama Fundi.

"Mambo yangu."

Angeendelea kumbana, lakini Bi Ugavi aliinuka akajikung'uta. Alisema ana kikao adhuhuri na gari linamngoja. Kwa kuwa yuko hapa, alisema, acha avuke barabara mara moja akaone na mfano wa wale jirani, kisha atarudi.

"Nenda, dada, ukaone," alisema Mama Fundi. "Kuona si kununua."

Alilisema kwa tabasamu. Mgeni alipotoka, tabasamu likaisha, naye akakaa kitini kwa uzito. Aliogopa, na hakuficha. "Akivuka tu, basi. Wale wana soda kwenye friji na kiti chenye mto."

"Nimfuate?" Bwana Stoo aliuliza. "Nimcheleweshe kwa maongezi? Mimi kwa maongezi..."

"Wewe leo usifanye kitu kingine chochote."

Bwana Stoo akaitikia kwa kichwa, akaenda kusimama mlangoni kama mgeni nyumbani mwake. Mtu aliyezoea kuulizwa na kiwanda kizima kila kitu kiko wapi, sasa hata pa kuweka mikono yake hakupajua. Neno lile lilimuuma. Mkewe aliona limemuuma, naye likamuuma kidogo, lakini hakuwa na nafasi ya kulirudisha.

*

Tatizo la Kitinda lilikuwa hili: Fumua haikujua kuchagua. Aliiandika ifungue vyote au isifungue kitu. Kwa miaka watu walimwomba aiongezee uwezo wa kutoa baadhi ya vitu na kuviacha vingine, naye aliwajibu kwa heshima kwamba jambo hilo linafikiriwa. Halikuwa linafikiriwa. Aliliona ni kazi ya kuchosha, tena ya watu wavivu wasiotaka kupanga mizigo yao.

"Kumbe nao walikuwa na baba kama wangu," alinong'ona akianza kuandika.

Aliandika, akafuta, akaandika. Mama yake alinyoosha shati la mfano kwenye fremu ya mashine, akatunga uzi wa bluu, akatunga wa njano, akakaza skrubu ambayo haikulegea. Mara mbili aliuliza, "Bado?" Mara ya tatu alijizuia, akala ukucha.

"Baba," Kitinda aliita. "Vibandiko vyako hivi. Una hakika hakuna A iliyoingia kwenye B?"

Bwana Stoo aligeuka mlangoni, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile mgongo ukamnyooka. "Mwanangu, kwenye kufunga naweza kukosea. Kwenye kubandika, hapana."

"Sawa. Naitoa A peke yake. B inabaki humo humo ilimo."

Akabonyeza. Fumua ikashuka boksi hadi boksi, ikapita kando ya kimya chote kile bila kukigusa, na michoro ikaanza kutokea kwenye kioo mmoja mmoja: nembo za shule, maua, majina ya wauguzi. Mama Fundi alikuwa akiitaja kwa sauti kama anayepokea wageni. Gurudumu lilipotokea, na mabawa yake yote mawili, alimshika binti yake kichwa akambusu utosini, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu binti aache shule ya msingi.

"Usinitikise, Mama, nitabonyeza kitu."

"Bonyeza! Bonyeza tushone!"

Mashine ikanguruma. Sindano ikaanza kupiga, bluu kwanza.

*

Bi Ugavi alirudi na soda mkononi na mfano wa jirani kwapani. Mama Fundi aliiona soda, akajikaza kisabuni. Uzi wa njano ulikuwa unamalizia ubawa wa pili. Alikata nyuzi, akalitoa shati kwenye fremu, akampa bila kusema neno.

Afisa aliyaweka mashati mawili pajani. La jirani lilikuwa zuri, linang'aa, lakini nembo yake ilikuwa imechapwa kwa joto, haikutariziwa, na alipoikwaruza kwa ukucha pembe moja ikainuka. Akaikwaruza ya Mama Fundi. Akageuza ndani akaangalia mgongo wa mshono. Akavuta huku, akavuta kule.

"Dereva wangu anafua shati kila siku," alisema mwishowe. "Hili ndilo."

Mama Fundi alitoa pumzi iliyokuwa imekaa tangu asubuhi. Kitinda akapiga vigelegele. Bwana Stoo, kwa kuwa aliambiwa asifanye chochote, alitabasamu tu kwa nguvu zake zote.

"Ila," Bi Ugavi aliinua kidole, "mko wangapi? Mzigo huu si wa mchezo. Mashati yanaingia, yanatoka, saizi hizi na zile, kila kituo na yake. Fundi mmoja akae mashineni na bado apokee, apange, afunge? Hapana. Nikiona uko peke yako, nakupa nusu, nusu nampa wa soda."

Furaha ikakwama njiani. Mama Fundi alimtazama binti yake. Binti ana kazi yake, bure au si bure. Akafungua mdomo aseme nusu inatosha, akaufunga. Halafu, bila kumwangalia mtu, akamwambia Kitinda, "Nitolee B moja."

"Mama Fundi!" alisema mumewe.

"Kompyuta ni yangu. Nafasi ni yangu. Kilichonijazia nitakisikia."

"Moja inaenea," alisema Kitinda, na kabla baba yake hajaufikia waya, alikuwa ameshabonyeza.

Kwanza mkwaruzo. Kisha kikohozi. Kisha sauti ya Bwana Stoo ikajaa chumbani, rasmi, ya kusomea taarifa ya habari.

"Mama Fundi. Kwa heshima na taadhima. Mimi mwombaji, mwenye uzoefu wa stoo wa muda mrefu..." Kimya. "Hapana. Anza tena. Mke wangu, hujambo. Nimekaa nikaona... nimeona kwamba... Ah! Anza tena." Kiti kikalia. "Mama watoto, mimi nyumbani nimechoka. Ukitoka nabaki nazungumza na birika. Na chumba chako hicho uzi mwekundu uko pamoja na vifungo, inaniuma roho. Kama utapenda, kama hutaona ni kero, ningeomba, walau kwa majaribio..." Hapo nyuma ya sauti vikasikika viatu vinakaribia. "Mungu wangu, huyo." Waya ukachomolewa, kikafuata kimya.

Hakuna aliyekizima. Bi Ugavi aliiweka soda chini taratibu, asitoe mlio.

"Ngapi ziko hivi?" Mama Fundi aliuliza.

"Zote, nadhani," alisema Kitinda. "Karibu kila siku uliyotoka."

Mama Fundi alijifuta macho kwa kipande cha kitambaa kilichokuwa karibu, kisha akamgeukia mumewe aliyekuwa ameshika fremu ya mlango kana kwamba nyumba inataka kuondoka. "Siku zote hizo. Na mimi niko hapa hapa, hatua tatu."

"Nilitaka niipange vizuri kwanza."

"Hiyo ni kompyuta imesema. Wewe mwenyewe hujaniomba kitu. Mgeni anangoja."

Bwana Stoo aliachia mlango. Akaweka kola sawa. Akafungua mdomo, na maneno yote aliyoyafanyia mazoezi, taadhima, uzoefu, walau kwa majaribio, hayakuja hata moja. Alimtazama mkewe tu, mwanamume mzima na mvi zake.

"Nifundishe," alisema.

Mama Fundi aliinuka, akaondoa kikapu cha vitambaa kwenye kiti kilichokuwa pembeni mwa mashine, akakipangusa kiti kwa kiganja.

"Andika wawili," alimwambia Bi Ugavi.